Profesa wa muziki akiongoza chuo cha sayansi: safari ya Emily Akuno ina maana gani kwako?

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Jina lake linataja sayansi na teknolojia, lakini anayekiongoza, Profesa Emily Achieng' Akuno, si daktari wala mhandisi, na hakusomea kilimo. Ni msomi wa muziki. Utafiti wake umehusu nyimbo za watoto, michezo yao ya kuimba, na jinsi mtoto anavyojifunza kupitia muziki wa kwao.

Wapo wanaouliza: muziki na maabara vinakutana wapi? Swali hilo limepata uzito mwaka huu wa 2026, kwa sababu kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi nchini Kenya limeingia Gredi ya 10, na kila mmoja ametakiwa kuchagua mkondo wa masomo. Sanaa ni mkondo mmojawapo. Wazazi wengi wanauogopa. Katika makala haya tunaeleza Profesa Akuno alipitia wapi, kazi aliyonayo ni kazi ya namna gani, na mzazi au mwanafunzi anaweza kujifunza nini kutokana na safari yake.

Alipitia wapi?

Profesa Akuno alisomea muziki na ufundishaji wa muziki nchini Kenya, Marekani na Uingereza. Kwa hiyo ana mafunzo ya pande mbili: anapiga muziki mwenyewe, na amefunzwa kuwafundisha wengine.

Alikuwa profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, jijini Nairobi. Wazee wanakifahamu chuo hicho kwa jina la zamani, Kenya Polytechnic. Kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Ushirika cha Kenya, akiwa mmoja wa manaibu wa kiongozi wa chuo, na dawati lake lilikuwa la masomo. Chuo hicho nacho kilianza kikiwa chuo cha kufundisha watu wa vyama vya ushirika, kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2016. Mkulima anayeuza kahawa au maziwa kupitia ushirika huenda amewahi kuhudumiwa na meneja au mhasibu aliyesomea hapo. Kutoka hapo ndipo akaja Bondo.

Wakati huohuo alikuwa akipanda ngazi nje ya nchi. Amewahi kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Muziki, lililoundwa mwaka 1949 chini ya ulezi wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni. Amewahi pia kuwa rais wa Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Muziki, iliyoanzishwa mwaka 1953. Mwaka 2019 kilichapishwa kitabu alichokihariri kuhusu elimu ya muziki barani Afrika, chenye maandishi ya walimu na watafiti wa bara hili.

Ukiitazama njia hiyo, utaona kwamba hakurukia kiti. Alifundisha, akatafiti, akasimamia masomo katika chuo kingine, akaongoza mashirika yenye wanachama kutoka mabara yote, kisha ndipo akakabidhiwa chuo.

Naibu Chansela hufanya kazi gani?

Hapa watu wengi huchanganyikiwa. Nchini Kenya kiongozi wa kila siku wa chuo kikuu huitwa Naibu Chansela. Tanzania humwita Makamu Mkuu wa Chuo. Neno "naibu" lisikupoteze. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2012, Chansela huteuliwa na Rais wa nchi, na kazi yake kubwa ni ya heshima, kama vile kutunuku shahada siku ya mahafali. Naibu Chansela ndiye mtendaji mkuu. Yeye ndiye anayeulizwa mishahara ikichelewa, bweni likivuja au matokeo ya mtihani yakipotea.

Juu yake kuna Baraza la Chuo, ambalo hupitisha bajeti na kumwajibisha. Mambo ya masomo huamuliwa na Seneti, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake. Muhula wake ni miaka mitano, na unaweza kuongezwa mara moja.

Kuhusu nani ana usemi wa mwisho katika kumteua, kumekuwa na mvutano wa miaka kati ya mabaraza ya vyuo, wizara na Tume ya Utumishi wa Umma, na mara kadhaa kesi zimefika mahakamani. Ndiyo maana umesikia mara nyingi kwamba chuo fulani kinaongozwa na "kaimu". Chuo kinachokaa na kaimu kwa muda mrefu hupata shida ya kufanya maamuzi makubwa, kwa sababu kila mtu anangoja mwenye kiti halisi.

Kwa hiyo Naibu Chansela hakai maabara akipima udongo. Kazi yake ni watu, fedha, sheria na ratiba. Anatakiwa kujua ni profesa gani wa kumwamini na maabara, ni hesabu gani ya kuitilia shaka, na ni ahadi gani serikali haitaitimiza kwa wakati.

Chuo alichokikuta

Chuo cha Bondo ni kichanga. Mahali hapo palikuwa na chuo cha ualimu. Mwaka 2009 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Maseno, na mwaka 2013 kikapewa hati yake na jina la Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, ambaye boma lake la Kang'o ka Jaramogi liko hukohuko Bondo.

Jambo moja linalokipa chuo hiki jina nje ya Kenya linawahusu wafugaji na wakulima moja kwa moja. Kina kituo cha umahiri, kilichoanzishwa kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, kinachochunguza wadudu kama chakula cha watu na cha mifugo. Nyenje wanaofugwa wanaweza kusagwa kuwa unga wenye protini nyingi. Mabuu ya nzi wa aina fulani, wanaolelewa kwenye mabaki ya jikoni na sokoni, yanaweza kulishwa kuku na samaki mahali pa dagaa au soya, ambazo bei yake humuumiza mfugaji mdogo.

Watu wa kando ya Ziwa Victoria walikuwa wakila kumbikumbi kabla chuo hakijajengwa. Mtafiti anachofanya ni kumwendea mzee anayejua mdudu yupi huliwa, lini na vipi, kisha kupima maarifa hayo na kuyaboresha. Msomi wa muziki wa jadi naye hufanya kazi yake hivyohivyo: humwendea bibi anayejua wimbo, akamsikiliza, akauliza maana, akarekodi na kulinganisha. Katika hilo, profesa wa nyimbo na profesa wa wadudu hawako mbali kama majina yao yanavyodokeza. Wote wawili wanaanza kwa kukubali kwamba mtu wa kijijini anajua kitu.

Mwezi ambao macho yote yalikuwa Bondo

Oktoba 2025 chuo hicho kilijikuta katikati ya historia. Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu wa Kenya na mwana wa Jaramogi, alifariki dunia nchini India tarehe 15. Tarehe 19 ibada ya mazishi ilifanyika katika viwanja vya chuo, mbele ya umati mkubwa na viongozi wa ndani na nje ya nchi, kabla ya kuzikwa Kang'o ka Jaramogi.

Aliyefuatilia redioni siku zile atakumbuka kwamba kilichosikika zaidi ya hotuba kilikuwa ni nyimbo. Waluo wana desturi ya tero buru, ambapo watu huswaga ng'ombe, huimba na kupiga kelele ili kuifukuza mauti. Somo la Kiswahili shuleni huwafundisha watoto kwamba wimbo wa kumlilia marehemu ni mbolezi, wa kumlaza mtoto ni bembezi, wa kazi ni hodiya, wa kilimo ni wawe, na wa baharini ni kimai. Hayo ndiyo mambo ambayo msomi wa muziki huyachunguza. Huuliza: jamii hii inafanya nini inapoimba? Inagawana vipi huzuni, kazi na malezi?

Lakini mwezi huohuo kulikuwa na jambo jingine. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walikuwa wamegoma tangu tarehe 17 Septemba. Walikuwa wakidai takriban shilingi bilioni 7.9 za Kenya, malimbikizo ya mkataba wa mishahara wa mwaka 2017 hadi 2021. Serikali ilikuwa ikibishana nao kuhusu kiasi hicho. Mgomo ulimalizika mapema Novemba, baada ya wiki saba, kwa makubaliano kwamba fedha zilipwe kwa awamu mbili.

Kwa mwanafunzi aliyetoka kijijini, wiki saba za mgomo ni kodi ya chumba inayolipwa bure, ni chakula, na ni kuchelewa kumaliza masomo. Kwa Naibu Chansela yeyote ni mtihani mgumu, kwa sababu fedha zinazogombaniwa hazitoki mfukoni mwa chuo chake, ila lawama zinamfikia yeye kwanza.

Je, msomi wa muziki anafaa?

Wenye shaka wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Wanasema chuo cha sayansi kinahitaji mtu anayejua bei ya mitambo, anayeweza kuzungumza na wahandisi kwa lugha yao, na ambaye jina lake litavuta fedha za utafiti wa kisayansi. Wanaongeza kwamba nchi inahitaji mafundi na wauguzi kuliko waimbaji, na kwamba kumweka msomi wa sanaa juu ya chuo cha sayansi kunapeleka ujumbe usioeleweka.

Hoja ya kwanza ina uzito kiasi. Kiongozi asiyejua fani anaweza kudanganywa na wanaoijua. Lakini shida hiyo haimhusu msomi wa muziki peke yake. Mhandisi akiongoza chuo, hawezi kujua uuguzi, kilimo, ualimu na biashara vyote pamoja. Chuo cha Bondo kina walimu wa fani hizo zote. Kila Naibu Chansela huongoza watu wanaojua mambo asiyoyajua. La muhimu ni kama ana desturi ya kuuliza, na kama amezungukwa na watu wa kweli.

Hoja ya pili inachanganya vitu viwili: kuimba jukwaani, na kuusoma muziki kama elimu. Anayesoma muziki chuo kikuu hujifunza sauti kama jambo la fizikia, hesabu za mapigo na vipimo, historia, lugha, saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundisha. Anayetafiti muziki wa jamii hukaa na watu, hujifunza adabu zao, hupata ruhusa yao, na huandika alichosikia bila kukipotosha. Ni kazi ya subira. Subira hiyo si haba kwa mtu atakayekaa meza moja na chama cha wahadhiri kilichokasirika.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Kusomea muziki peke yake hakumfanyi mtu kuwa kiongozi bora, kama ambavyo kusomea udaktari hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Waliosoma sayansi wameongoza vyuo vizuri na wengine wamevizamisha kwenye madeni. Waliosoma sanaa ni vivyo hivyo. Shahada inaeleza mtu alikotoka. Rekodi yake ofisini ndiyo inayoeleza alichofanya.

Afrika imewahi kuona haya

Mfano mkubwa zaidi barani ni wa Ghana. Joseph Hanson Kwabena Nketia alizaliwa mwaka 1921 huko Mampong, katika nchi ya Waashanti. Alisoma London katika miaka ya 1940, akaanza utafiti katika chuo kikuu cha Ghana mwaka 1952, na mwaka 1955 kikatoka kitabu chake kuhusu mbolezi za Waakan. Yaani jina lake la kwanza katika usomi lilijengwa juu ya nyimbo ambazo wanawake wa vijijini huimba msibani.

Mwaka 1965 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Taasisi ya Masomo ya Kiafrika huko Legon, taasisi iliyopewa msukumo na Rais Kwame Nkrumah. Aliiongoza hadi mwisho wa miaka ya 1970. Kitabu chake kuhusu muziki wa Afrika, kilichotoka mwaka 1974, kilisomwa katika vyuo vya dunia nzima. Baadaye alifundisha Marekani, huko Los Angeles na Pittsburgh, kisha akarudi nyumbani kuanzisha kituo cha muziki na ngoma za Afrika. Alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 97.

Alichokiacha Nketia kinazidi vitabu. Aliwashawishi wakuu wa vyuo kwamba mpiga ngoma asiyejua kusoma anaweza kuwa mwalimu chuo kikuu, na kwamba maarifa yake yana haki ya kukaa darasani.

Kenya nayo ina mlolongo wake. Profesa Washington Omondi alitafiti zeze la Waluo lenye nyuzi nane, nyatiti, na alikuwa miongoni mwa waliojenga idara ya muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 aliongoza tume ya rais iliyozunguka nchi kuuliza muziki wa Wakenya uhifadhiwe na kufundishwa vipi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1984. Profesa Akuno ni wa kizazi kilichofuata, kizazi kilichokuta milango ya idara imeshafunguliwa na kikaanza kubisha kwenye milango ya utawala.

Pia kuna suala la wanawake. Mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma nchini Kenya, Profesa Olive Mugenda wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, alishika kiti mwaka 2006 tu. Hiyo ni miaka ishirini iliyopita. Kwa hiyo msichana wa Siaya anayemwona Profesa Akuno kwenye mahafali anaona jambo ambalo mama yake, alipokuwa shuleni, hakuwa na mfano wake.

Shuleni muziki uliondokaje, na unarudije?

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, muziki ulifundishwa shule za msingi na ukatahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa darasa la nane ulipunguzwa ukabaki na karatasi tano, na muziki ukaachwa nje. Somo halikufutwa kwenye ratiba, lakini kila mzazi anajua kinachofuata: kisichotahiniwa hakifundishwi. Kipindi cha muziki kikageuka kipindi cha hesabu. Kwa watoto wengi kilichobaki ni tamasha la muziki la shule, lililoanza mwaka 1927 na ambalo hadi leo huwakusanya maelfu kila mwaka. Shule zenye fedha za basi na sare husonga mbele, nyingine huishia ngazi ya kaunti ndogo.

Mtaala wa umilisi umeyarudisha masomo ya sanaa. Katika sekondari ya juu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, kuna mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Makadirio ya serikali yalikuwa kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo.

Tatizo liko katika mgawanyo wa shule. Si kila shule inatoa mikondo yote mitatu. Nyingine zinatoa miwili tu, na unaokosekana kwa kawaida ni wa sanaa na michezo, kwa sababu unadai ala, vyumba, viwanja na walimu maalumu. Shule ndogo za kutwa za mashambani ndizo zinazoathirika zaidi. Matokeo yake ni kinyume cha kushangaza. Mtoto wa kijijini, ambaye bibi yake anajua nyimbo mia na jirani yake ni fundi wa kutengeneza nyatiti, huenda akakosa mahali pa kusomea muziki; na mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuona nyatiti ikichongwa anapata darasa lenye piano.

Hapa ndipo utafiti wa watu kama Profesa Akuno unapogusa maisha. Kwa miaka mingi ameandika kwamba elimu ya muziki ianzie kwenye utamaduni wa mtoto, na kwamba nyimbo za watoto zinaweza kusaidia hata katika kujifunza kusoma na kuandika. Ukikubali hilo, mwalimu wa shule isiyo na piano hana sababu ya kukata tamaa. Ana sauti, ana makofi, ana michezo ambayo watoto wanacheza uwanjani, na ana wazee nje ya uzio wa shule. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Swali ni kama shule itamfungulia mchezaji huyo lango.

Mzazi azingatie nini?

Kwanza, usimkataze mtoto muziki kwa kudhani mwisho wake ni ulevi na umaskini. Wanaosomea muziki huenda kwenye ualimu, utangazaji, studio, makanisa, utafiti na, kama tulivyoona, utawala. Vyuo vikuu vya Kenyatta, Maseno, Kabarak na Chuo Kikuu cha Kiufundi hufundisha muziki nchini Kenya. Makerere nchini Uganda na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufanya hivyo pia.

Pili, usidanganyike upande wa pili. Profesa mmoja aliyefika kileleni si uthibitisho kwamba kila mwanamuziki atafika. Nyuma yake kuna miaka ya kusoma, shahada za juu, na nafasi za kwenda nje ambazo ni chache. Mtoto anayependa muziki anahitaji pia kushika vizuri lugha na hisabati, kwa sababu milango ya chuo kikuu inafunguliwa na alama za masomo yote.

Tatu, kabla ya kuchagua shule ya Gredi ya 10, uliza wazi: shule hii inatoa mikondo mingapi? Ina mwalimu wa muziki aliyeajiriwa, au ni jina tu kwenye karatasi? Jibu hilo lina uzito kuliko sifa za shule.

Tumpime kwa lipi?

Wakazi wa Siaya na wazazi wenye watoto Bondo wana haki ya kumpima Naibu Chansela kwa mambo yanayoonekana. Je, wanafunzi wanamaliza kwa miaka iliyopangwa? Matokeo yanatoka kwa wakati? Wafanyakazi wanalipwa, na makato yao ya pensheni na Sacco yanafikishwa yanakotakiwa? Utafiti wa wadudu unamfikia mfugaji wa kuku wa Bondo na Rarieda, au unaishia kwenye majarida? Na je, chuo chenye kiongozi msomi wa muziki kitafungua nafasi kwa wapigaji nyatiti na waimbaji wa eneo lake kuja kufundisha na kulipwa?

Swali hilo la mwisho ni la haki kumuuliza yeye kuliko Naibu Chansela mwingine yeyote, kwa sababu ndilo alilolijenga katika kazi yake yote ya usomi. Pia kuna gharama isiyotajwa sana. Kila saa ambayo profesa hutumia kwenye vikao vya bajeti ni saa ambayo hayuko na watoto wanaoimba au na wanafunzi wake wa shahada ya uzamifu. Afrika ina wasomi wachache wa elimu ya muziki, na inapompa mmoja wao kiti cha utawala inapata kiongozi na kupunguza mtafiti. Faida itaonekana ikiwa, atakapotoka ofisini, vijana waliofuata nyayo zake watakuwa wengi kuliko alivyowakuta.

Fedha za vyuo vikuu bado hazitoshi, mfumo wa kuwafadhili wanafunzi ulioanza mwaka 2023 umepingwa mahakamani, na wahadhiri wanaikumbuka kila ahadi waliyopewa. Katika hali hiyo hakuna fani inayompa kiongozi kinga, muziki ukiwemo. Lakini ikiwa kiongozi aliyefunzwa kusikiliza ataonyesha kwamba anasikiliza kweli, mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 10 aliyechagua sanaa atakuwa na jibu la kumpa jirani anayemcheka.